Milango Miwili ya Misheni

Nina daftari la kurasa mia mbili ambalo juu ya jalada lake nimeandika kwa wino mwekundu: RIWAYA. Nimelianza mara tatu na mara zote tatu nimekwama palepale. Msichana wa Kikurya anatoka nyumbani usiku, mbwa wanabweka, anavuka kijito, anakimbia. Sasa akimbilie wapi? Hapo kalamu inasimama. Si kwamba sijui alikokwenda. Najua sana, maana msichana mwenyewe ni dada yangu, mtoto wa baba mdogo. Nilichokuwa sikijui ni nani aliuweka pale mlango ule aliougonga, na kwa nini mlango mwingine, wenye msalaba uleule juu yake, ulifungwa mbele yangu wiki chache baadaye. Basi nikaiacha riwaya kwanza, nikaanza kuulizia historia. Haya ndiyo niliyoyapata mpaka sasa.

Kwetu ni Tarime, upande wa milimani, kwenye migomba na kahawa. Desemba ya 2014 ilikuwa msimu. Kwa asiyejua, niseme kwamba kwa Wakurya tohara si jambo la kila mwaka. Wazee wa mila wakishatangaza, hapo tena mji mzima unabadilika: ngoma, vijana barabarani na fimbo zao, magari yanapisha. Wavulana wanakwenda, na wasichana nao wanapelekwa kwa ngariba kwa makundi. Dada yangu alikuwa na miaka kumi na tatu, darasa la sita. Bibi alikwisha kumnunulia khanga mpya. Baba mdogo alikwisha kuanza maneno na watu wenye ng'ombe. Usiku mmoja yule mtoto alitoka kama anakwenda chooni, na hakurudi. Kesho yake jioni tukapata habari kwamba yuko kwa masista.

Baba mdogo alifoka mpaka sauti ikamkauka. "Wakatoliki wameniibia mtoto!" Maana sisi ni Wasabato, ukoo mzima hakuna Mkatoliki hata wa dawa. Kanisani kwetu nako tohara ya wasichana inakemewa, na wazee wa kanisa walikuwa wamesema wazi. Lakini bibi alikuwa na jibu lake: "Kanisa ni la Jumamosi, mjukuu wangu. Mila ni ya siku zote."

Huo ulikuwa mlango wa kwanza. Wa pili ni wangu mwenyewe. Januari 2015 nilikuwa naingia kidato cha pili katika shule moja ya misheni, ya bweni, mbali na kwetu; jina lake naliacha. Mama alikuwa ameuza ndizi na mbuzi wawili, akapata nusu ya ada. Tulifika getini na sanduku langu la bati. Mhasibu alikuwa mtu mpole, sina ugomvi naye mpaka leo. Alizihesabu zile pesa mara mbili, akamrudishia mama, akasema, "Mama, hii haitoshi hata muhula mmoja. Nendeni, mkikamilisha mje." Hatukukamilisha. Nilirudi kwetu na sanduku kichwani, nikaandikishwa sekondari ya kata, nikamaliza kidato cha nne mwaka 2017. Sikufanya vibaya, sikufanya vizuri.

Sasa we msomaji nisaidie kufikiri. Binti ambaye si muumini wao, hana senti, amekuja usiku bila hata viatu, amefunguliwa. Kijana aliyekuja mchana na mama yake na nusu ya ada amerudishwa. Ipi kati ya hizo mbili ndiyo kazi ya misheni? Kwa muda mrefu nilidhani ni suala la bahati. Historia imenifundisha kwamba swali hilo ni la zaidi ya miaka mia moja, na limewahi kuwatesa watu wakubwa kuliko mimi.

Tuanze mbali kidogo. Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe, shirika lao lilianzishwa na Askofu Mkuu Lavigerie kule Algiers mwaka 1868. Uweupe uliowapa jina ni wa kanzu zao, siyo wa ngozi. Walifika kusini mwa Ziwa Viktoria wakajenga Bukumbi mwaka 1883, na mwaka 1911, wakati wa Wajerumani, wakafungua misheni ya Nyegina, jirani na Musoma. Hawakuwa peke yao katika nchi hii ya Mara. Wasabato walikuwa Majita, na baadaye, mwaka 1934, Wamenoni kutoka Marekani wakajenga Shirati. Kila dini ilikuja na vitu vitatu: kanisa, dawa na ubao wa kuandikia.

Kwa nini ubao? Hapo ndipo tusidanganyane. Lavigerie aliweka sheria kwamba mtu anayetaka ubatizo afundishwe kwa miaka minne kwanza. Huwezi kumfundisha mtu miaka minne bila kumpa kitabu, na huwezi kumpa kitabu kabla hajajua herufi. Kule Buganda waongofu wa kwanza waliitwa wasomaji. Kusoma na kuamini lilikuwa jambo moja. Kwa hiyo shule ya misheni haikujengwa ili mimi na wewe tupate kazi Dar es Salaam. Ilikuwa baraza la kanisa: unakaa barazani unafundishwa herufi, ukiiva unaingizwa ndani. Na ukiingia ndani unapewa jina jipya, la Petro au la Maria, lile la ukoo linakaa nyuma. Wako wazee wanaosimulia kwamba katika sehemu nyingi za Tanganyika mtoto wa Kiislamu au wa asiye na dini alijikuta anachagua kati ya jina la babu yake na dawati. Hiyo ilikuwa ada ya siku zile. Haikulipwa kwa fedha, lakini ilikuwa ada.

Na wazazi wa kwetu walikataa kwa sababu nyingine kabisa, sababu ya ng'ombe. Mvulana akienda shule nani atachunga? Msichana ndiyo usiseme. Kwa Mkurya ng'ombe wanaoingia kwa mlango wa binti ndio wanaotoka kwenda kumwolea kaka yake. Ukimchelewesha binti umemchelewesha na kaka. Sasa anakuja mtu wa kanzu anasema mpe huyu mtoto akae kwangu miaka sita asome. Angekuwa ni wewe, ungempa?

Wachache waliwapa. Mmoja wao namtaja kwa sababu binti yake anajulikana nchi nzima. Gabriel Magige wa Baraki, mahali ambapo zamani palikuwa Tarime na tangu 2007 pako wilaya ya Rorya, alimpata binti mwisho wa mwaka 1930. Binti huyo, Maria Waningu, alisomeshwa na masista weupe Nyegina, kisha Ukerewe, kisha chuo cha ualimu Sumve, huko Usukumani, akarudi Nyegina kuwa mwalimu. Mwaka 1953 aliolewa na Julius Nyerere, na habari nyingine unazijua. Lakini mimi hapa sitaki habari za Ikulu. Nataka uone hesabu. Miaka ya 1940, wakati binti wa umri wake alikuwa ama amekwisha kuolewa ama anangoja ng'ombe, binti wa Baraki anasafiri ng'ambo ya ziwa kwenda kujifunza ualimu. Asingeweza kufanya hivyo kwa shule ya kutwa, ya kwenda asubuhi na kurudi jioni kwenye mashauri ya ukoo. Ilibidi iwe shule yenye bweni, yenye watu wazima wanaosema: huyu yuko kwetu, msije kumchukua kabla hajamaliza.

Shikilia neno hilo, bweni. Tutalirudia.

Wamarekani wa shirika la Maryknoll walikuja Musoma mwaka 1946 wakaipokea kazi kutoka kwa Mapadre Weupe. Masista wao walifika Kowak mwaka 1948. Musoma ikawa jimbo kamili mwaka 1957, Askofu wake wa kwanza akiwa John Rudin wa shirika hilohilo. Mwaka huo huo wa 1957 masista wa Maryknoll walifungua Marian College kule Morogoro, sekondari ya wasichana. Nchi ilipopata uhuru 1961, ilikuta makanisa yameshika sehemu kubwa sana ya shule zake.

Sasa tuingie kwa yule mume wa mwalimu wa Nyegina, kwa maana bila yeye hadithi hii haiendi. Kambarage mwana wa Chifu Burito wa Wazanaki alipelekwa Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Ile ilikuwa shule ya serikali, wala si ya misheni. Kutoka hapo 1937 akaenda Tabora, nayo shule ya serikali. Alibatizwa Nyegina Desemba 1943 akiwa na miaka 21, baba yake akiwa amefariki mwaka mmoja nyuma. Mimi jambo hili linanipa raha kulifikiria. Jina la Julius halikuwa bei ya dawati lake. Alikuwa amekwisha kusoma. Alilichukua kwa hiari yake, mtu mzima. Baadaye akafundisha shule ya Mtakatifu Maria Tabora, 1946 mpaka 1949, akasaidiwa na Padre Richard Walsh kupata njia ya kwenda Edinburgh, na aliporudi akafundisha Mtakatifu Fransisko Pugu tangu 1953. Machi 1955 akaacha kazi kwa ajili ya siasa. Kwa hiyo kama kuna Mtanzania aliyejua shule ya Kikatoliki inatoa nini, ni yeye.

Na ni yeye aliyezichukua.

Machi 1967, muda mfupi baada ya Azimio la Arusha, alitoa Elimu ya Kujitegemea. Alilalamika humo kwamba shule tulizorithi zinatengeneza kikundi kidogo cha wasomi wanaowatazama wakulima kwa pua. Mwaka 1969 Sheria ya Elimu ikaipa serikali uwezo wa kuzishika shule zilizokuwa za mashirika. Mtakatifu Fransisko ikawa Pugu Sekondari, kavu kavu. Marian College ikawa Kilakala. Na zingine vivyo hivyo nchi nzima. Mtoto wa Kiislamu wa Kigoma na mtoto wa mganga wa Serengeti wakawa na haki ya dawati lilelile bila kuulizwa babu yao alisali wapi.

Vijana wenzangu wa Kikatoliki wengine hulalamika kwamba Kanisa lilinyang'anywa. Mimi nasema, mchukuaji alikuwa mtoto wa nyumbani. Alimkumbusha mama yake swali alilolisahau: shule ni ya nani? Jibu lake lilikuwa kwamba ni ya kila mtoto. Novemba 1974, hapo hapo Musoma, Halmashauri Kuu ya TANU ikapitisha Azimio la Musoma, kwamba ifikapo 1977 kila mtoto wa umri wa shule awe darasani. Mji wetu ukaingia kwenye vitabu vya historia kwa jambo jema.

Lakini kupitisha azimio ni kazi moja na kujaza madarasa walimu ni kazi nyingine. Walimu waliokotwa haraka haraka, wengine wametoka darasa la saba juzi. Mpango wenyewe uliitwa kwa Kiingereza UPE, na watu wa mitaani hawakukawia: wakasema maana yake ni Ualimu Pasipo Elimu. Halafu ikaja vita ya Kagera, 1978 hadi 1979, uchumi ukavunjika mgongo, vitabu vikawa adimu kama sukari. Wakati huo wote kulikuwa na shule za Kanisa ambazo hazikuguswa: seminari. Zile zilihesabiwa kuwa ni za kuandaa mapadre, zikaachwa. Basi ikatokea ajabu. Mzazi mwenye akili na mtoto wa kiume mwenye akili, hata kama upadre haumo moyoni, macho yote seminari. Na wasichana je? Seminari haikuwa yao.

Miaka ya 1990 upepo ukageuka. Serikali ilichoka mzigo, Februari 1992 ikatiliana sahihi na makanisa makubala ya huduma za jamii, na shule za binafsi zikaruhusiwa kuota. Zikaota kweli! Leo pita mji wowote, iwe Mwanza ninakoishi, iwe Dar, uhesabu mabasi ya njano asubuhi. Kila basi lina mtakatifu wake ubavuni. Wafanyabiashara nao wameona jina la mtakatifu linauza, wakajipachikia, hata kama mwenye shule hajui sikukuu ya huyo mtakatifu ni lini. Ndipo shule ya misheni ikapata maana mpya kichwani kwa watu: nidhamu, Kiingereza na daraja la kwanza. Pale kijiweni kwetu Kirumba ukisema "nilisoma misheni," mtu anasikia "baba yangu ana uwezo."

Sisemi kwamba nidhamu ni mbaya au daraja la kwanza ni dhambi. Nasema kwamba kama ni hayo tu, basi mfanyabiashara naye anayaweza, na wakati mwingine anayaweza zaidi. Na serikali nayo imefanya yake. Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, sekondari za kata zikamiminika baada ya 2004, na tangu 2016 ada ya kutwa mpaka kidato cha nne ikaondolewa. Mtoto wa maskini ana pa kwenda asubuhi. Sasa misheni imebakiwa na kazi gani ambayo mwingine haifanyi?

Hapa turudi Tarime, tena usiku.

Sheria ya kumlinda msichana wa chini ya miaka 18 asikeketwe ipo Tanzania tangu 1998. Lakini utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulionyesha kwamba mkoani Mara, katika kila wanawake 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49, wapatao 32 walikuwa wamekeketwa. Ule wa 2022 ukaonyesha 28. Inashuka, lakini polepole. Na angalia jambo moja ambalo mimi nililiona nikiwa nimeshamaliza shule. Msimu unafunguliwa Desemba. Shule zinafungwa Desemba. Yaani siku ile mwalimu anapofunga ofisi na kuwaambia watoto likizo njema, ndiyo siku ngoma inapoanza. Shule ya kutwa, hata iwe bure, hata iwe na mwalimu mzuri namna gani, inamrudisha msichana nyumbani wakati uleule ambao nyumbani ndiko kwenye hatari.

Masista wa Masanga, katika wilaya ya Tarime, waliliona hilo mapema. Tangu 2008 kituo chao, kilicho chini ya Jimbo la Musoma, kinafungua milango msimu wa tohara na kupokea wasichana wanaokimbia. Wanalala hapo, wanakula, wanafundishwa, na msimu ukipita watu wa kituo wanazungumza na wazazi ili mtoto arudi kwa amani. Asiyeweza kurudi anatafutiwa njia ya kuendelea na masomo. Kwa upande wa Serengeti, mjini Mugumu, Waanglikana walifungua Nyumba Salama mwaka 2014, ikiongozwa na Rhobi Samwelly, mwanamke ambaye mwenyewe alipitia kisu akiwa mtoto na karibu apoteze maisha. Kwa hiyo Wakatoliki hawana hatimiliki ya wema huu, na nadhani hawaidai.

Nilimuuliza dada yangu mwaka jana alipokuja Mwanza: "Siku ile ulipogonga kwa masista, walikuuliza nini?"

Alicheka. "Waliniuliza nimekula?"

"Dini je?"

"Dini waliuliza kesho kutwa yake, ilikuwa Ijumaa. Nikasema sisi Wasabato. Sista mmoja akasema, basi kesho hufagii."

Nimelifikiri sana jibu hilo. Miaka mia moja nyuma baraza la misheni lilikuwa na bei, na bei ilikuwa jina. Siku zangu lilikuwa na bei, na bei ilikuwa ada. Katikati ya hizo mbili akapita mtoto mmoja bila kulipa yoyote, akabaki na jina lake, na sabato yake, na mwili wake. Tena alikingwa na kilekile kilichomkinga binti wa Baraki miaka ya 1940: bweni, na mtu mzima mlangoni anayesema huyu yuko kwetu. Ndiyo nikaona kwamba hiki kitu si kipya. Kilikuwemo ndani ya shule ya misheni tangu mwanzo, kimefunikwa na mambo mengine.

Na Kanisa lenyewe limekwisha kuliandika. Oktoba 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa tamko juu ya elimu, na humo shule za Kikatoliki zikaagizwa kuwajali kwa namna ya pekee maskini, wasio na ulinzi na upendo wa familia, na wasio na imani. Ukimsoma dada yangu, ni wote watatu, ila kwamba imani yake alikuwa nayo ya aina nyingine. Mwaka 1977, uleule wa elimu kwa wote kwetu, ofisi ya Vatikano ya elimu ikaonya kwamba shule ya Kikatoliki ikiwaelekea wenye nacho peke yao, itakuwa inasaidia kulinda nafasi yao ya juu. Mwalimu wa Butiama alikuwa amelalamika jambo lilo hilo miaka kumi nyuma.

Najua utaniambia nini, msomaji. Kusema ni rahisi. Mwalimu anataka mshahara, umeme unataka luku, maharage hayanunuliwi kwa sala. Ni kweli kabisa. Yule mhasibu mpole angewapokea wote wa nusu ada, shule ingefungwa kufikia Pasaka, na hapo tungekosa wote. Ruzuku ya serikali haiendi kwake, na wafadhili wa ng'ambo si kama zamani. Sidai shule za Kanisa ziwe bure. Hata hasira yangu ya mwaka 2015 imekwisha, imebaki fundisho.

Ninachosema ni kidogo, na nadhani kinawezekana. Shule ya misheni iliyoko Tarime au Serengeti haifanani na shule ya misheni iliyoko Masaki. Hapa kwetu, itenge vitanda. Vichache tu, vinne kwa kila arobaini, visivyouzwa kwa ada hata kama foleni ya wenye fedha imefika getini. Viwe vya wale wanaokuja usiku. Na Desemba bweni moja libaki wazi, taa iwake, awepo mtu wa kufungua. Wazazi wanaolipa waambiwe wazi tangu siku ya usajili kwamba sehemu ya ada yao inanunua maharage ya mtoto wa mwenzao. Atakayekasirika ampeleke mwanawe kwenye basi la njano. Shule ikifanya hivyo, hata isiposhika namba kumi kitaifa, mimi nitajua kwa nini ina msalaba juu ya paa.

Dada yangu alipatana na baba mdogo, ila ilichukua miaka miwili na vikao vingi. Alimaliza darasa la saba, akamaliza kidato cha nne, akasomea ualimu. Ajira ya serikali bado anaingoja kama wenzake. Kwa sasa anafundisha chekechea. Ameolewa, kwa ng'ombe, msidhani mila yote ilikufa. Bibi alicheza ngoma siku ya harusi kuliko wote. Ile khanga ya 2014 alikuwa ameitunza sandukuni miaka yote, akampa siku hiyo. Hakusema kitu.

Kwa nyie wenzangu mnaoandika, neno moja la mwisho. Habari hizi sikuzipata kwa shida kubwa. Nyingine zimo vitabuni, nyingine nimezipata kwa kukaa na wazee na kunyamaza. Katekista wa zamani yuko kijijini kwenu, mwalimu wa UPE yupo, sista aliyestaafu yupo. Wanaondoka mmoja mmoja. Waulizeni walifundishwa nini, kwa bei gani, na nani alifungiwa nje. Mimi narudi kwenye daftari langu. Msichana bado amesimama ng'ambo ya kijito, mbwa wanabweka, lakini sasa naiona taa.